Sufuria ya Chai na Maafisa wa Mkoloni

Mwaka wangu wa pili ughaibuni, mtaani Columbia Heights, nilichukua kozi ya historia chuoni, nikaandika insha ya kuwakejeli maafisa wa mkoloni. Nchi jirani ikichafuka na maharamia wakianza kupora meli, mabwana wale hawakumuuliza mtu kitu. Waliandika barua ndefu, wakafunga mpaka, wakajiona wamefanya kazi. Wajinga kabisa.

Jumapili iliyofuata, sufuria kubwa ya chai ya kanisa letu la Wakenya haikuonekana jikoni. Jengo tulilikodi pamoja na Wakongomani: sisi asubuhi, wao mchana. Siku hizo walikuwa wanagombana vikali juu ya mchungaji mpya, na mimi, katibu wa kamati, sikuhitaji ushahidi mwingine. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili kuhusu "machafuko ya upande wenu" na "uporaji unaovuka mipaka", nikagonga muhuri (ndiyo, tulikuwa na muhuri), kisha nikatia kufuli kabati la vikombe.

Mama kiongozi wa kwaya yao aliisoma yote polepole, amesimama mbele yangu.

"Papa," akasema, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwao, "ile sufuria iko mu gari yako. Siku ya theluji uliibeba weye mwenyewe. Mimi nilikufungulia mulango."

Tulienda naye hadi kwenye buti ya gari langu. Ilikuwa pale, majani ya chai yameganda barafu ndani.

Wiki hiyo insha ilirudi na A. Mwalimu alishangaa nimewezaje kuwaelewa maafisa wale vizuri hivyo.