Mama Waya Hahami

Siku watoto wake walipomletea habari ya kuhama, Mama Waya alikuwa anapinda pazia, na hakuinua macho. Masikio yake yalikuwa yameshaanza kumkimbia, lakini neno hilo alilisikia. Ndivyo yalivyo masikio mabovu: salamu yanaziacha zipite, ubaya yanaupokea wote.

Jina la Waya alipewa na majirani wa ghorofa yake. Kazi yake ni kushona mapazia. Starehe yake ni nyaya. Tangu mota ya cherehani ilipogoma, akaifungua mwenyewe kwa bisibisi na kuifufua, hakutulia tena. Ametengeneza droo inayowasha taa ikivutwa. Amemtia mwanasesere wa mjukuu wake macho ya kupepesa, mpaka mjukuu akakataa kulala naye chumba kimoja. Watu walicheka sana. Yeye aliwaacha wacheke, kwa sababu kucheka kwao hakukumkatia umeme.

Kilicholeta maneno ni mlango. Mwanawe wa kwanza alikuja mchana mmoja, akagonga mpaka mkono ukamuuma. Ndani, mama yake alikuwa anashona, mgongo kwa mlango, simu imezama chini ya vitambaa. Majirani wakaitwa, kitasa kikavunjwa, wakamkuta mzima kabisa, pini mdomoni, akiwashangaa. Mwanawe alilia mbele za watu. Kuanzia hapo akashikilia lake: mama atahamia chumba cha nyuma nyumbani kwake, na cherehani itauzwa, maana huko ina kelele.

"Mama, siku nyingine nikigonga usipofungua, nitajuaje kama uko hai?" aliuliza, amesogeza uso ili mama yake amsome midomo.

"Jumapili njoo ugonge," alisema Mama Waya. "Nisipofungua, nafunga mizigo mwenyewe. Nikifungua, habari ya kuhama nisiisikie tena humu ndani."

"Utasikiaje?"

"Hilo niachie mimi."

Kesho yake alikuwa dukani, kwenye kichochoro cha wauza vifaa vya elektroniki, ambako redio zilizochinjwa zimening'inia mpaka kwenye dari. Alichokitaka ni zile kompyuta zilizobandikwa nzima juu ya kibao kimoja, bodi wanaziita, ndogo kama kadi. Muuzaji alimpangia tatu juu ya kaunta, akaanza kupaza sauti.

"Usinipigie kelele, baba. Sogea tu karibu, nikuone mdomo."

Muuzaji akasogea. "Chukua hii kubwa, mama. Ina nguvu balaa. Filamu inacheza, michezo inacheza."

"Mimi nataka ikae mlangoni, inichungulie nani kaja, iniwashie taa. Hizo filamu nani ataangalia, mlango?"

"Lakini ndiyo nzuri kuliko zote."

"Sijakataa uzuri wake. Dirisha langu la jikoni, wewe unanipimia pazia la ukumbini."

Muuzaji akacheka, akamsogezea ya pili. Hiyo bei yake ilikuwa ya kutongoza, na nguvu zake zilikaribia zile za kubwa. Mama Waya aliigeuza huku na huku, akauliza jambo moja: ikimgomea, kuna nani anayeijua amuulize? Muuzaji akajikuna kichwa. Alikuwa mtu mkweli, tumpe haki yake. Alikiri kwamba waliounda bodi ile walishaitelekeza, na mtandaoni hakuna anayeizungumzia.

"Basi sina haja ya yatima," alisema Mama Waya.

Ikabaki ya tatu, ndogo kuliko zote. Ilikuwa na mahali pa kuchomeka kamera, pini zake za kushikia nyaya zilikuwa zimeshachomelewa, na umeme wa chaja ya simu uliitosha. Juu ya yote, wachezea nyaya wa kila mahali walikuwa wanaitumia na kuandikiana habari zake. Bei yake haikumlazimu mtu kukopa.

"Ila hiyo iko polepole, mama."

"Hata mimi."

Akainunua na kamera yake.

Sasa sikia balaa. Kamera ile ilikuja na utepe wake wa kuunganisha, bapa, mweupe, mrefu kupita ilivyotakiwa. Ulipofungwa juu ya mlango, ukawa unaning'inia ovyo. Mtu aliyeshona mapazia maisha yake yote anapoona utepe uliozidi, mkono hauulizi kichwa. Mama Waya akachukua mkasi, akaukata pale alipoona panafaa, mkato ulionyooka vizuri kabisa. Kamera ikafa papo hapo. Ndani ya utepe ule mlikuwa na nyuzi za shaba nyembamba, kila moja na kazi yake, na yeye alizikata zote kama anayepunguza lesi.

Aliumia. Alikaa sakafuni na mkasi mapajani, akajiona mjinga wa mwisho. Pesa ya kununua kamera nyingine hakuwa nayo. Alikifikiria kile chumba cha nyuma, na kidirisha chake kinachotazama ukuta wa jirani, ukuta ambao hata pazia haliutaki. Kisha hasira zikampanda, na hasira ndizo zilizomwinua.

Kama hawezi kuiona sura, basi ataishika miguu. Alichukua karatasi mbili za foili ya jikoni, akaweka katikati yake sponji iliyotobolewa matundu, akavishonea vyote ndani ya kitambaa kizito cha pazia. Likawa zulia la mlangoni. Mtu akilikanyaga, foili zinagusana, na nyaya mbili zinapeleka habari kwenye bodi. Bodi inawasha taa mbele ya cherehani, na nyingine jikoni.

Ilifanya kazi kupita kiasi. Korido ya ghorofa ile ni nyembamba na kila jirani hupita juu ya zulia lake, kwa hiyo taa ziliwakawaka kama za harusini. Hapo ndipo ile bodi ya polepole ilipomlipa. Wenzake wa mtandaoni walishawahi kupata taabu kama hiyo, wakaandika maelekezo, naye akayafuata mstari kwa mstari: bodi ingoje kidogo kwanza, mguu ukiondoka, inyamaze, mguu ukibaki, iwashe. Mpita njia hupita tu. Mwenye shida na Mama Waya lazima asimame.

Jumapili aliketi kwenye cherehani, mgongo kwa mlango kama kawaida yake, akashona. Mshono ulimwendea upande, asikudanganye mtu. Mara taa ikawaka.

Aliinuka, akafungua mlango kwa mkupuo. Mwanawe alikuwa amesimama katikati ya zulia, kwapani ana maboksi matupu ya kuhamishia vitu, na kidole kimoja kimeinuliwa. Alikuwa anagonga kwa ukucha, taratibu, kugonga ambako hata mwenye masikio yake yote mawili asingekusikia.

Mama Waya akautazama ule ukucha.

"Ndiyo kugonga huko, baba?"

Kidole kikashuka. "Nilikuwa naanza."

"Ulikuwa unaniibia."

Mwanawe aliinamisha kichwa, na aliposema, alikumbuka kuuinua uso ili midomo ionekane. "Naogopa, mama. Kila simu ikilia, naogopa."

Hilo lilimwingia. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyojua kusema, akamshika shavu kwa mkono wenye harufu ya mafuta ya cherehani.

"Najua. Endelea kuogopa, siwezi kukukataza. Lakini ogopea kwako." Akachukua maboksi kwapani mwake. "Haya niachie, vitambaa vyangu havina pa kukaa. Ingia ule."

Mwanawe alibaki amesimama pale juu ya zulia, na ndani taa ikaendelea kuwaka kwa ajili yake. Mama Waya hakungoja. Alikuwa amesharudi kwenye cherehani, mgongo kwa mlango ulio wazi, akishona.