Posa Iliyokataliwa kwa Kanda Nane

Katuni za mapenzi za Wajapani nina neno nazo, na neno lenyewe ni hili: hakuna mtu ndani yake anayejua kupatana. Nimeuza nguo za mitumba Kongowea tangu miaka ya themanini, na najua kuwa mnunuzi akisimama mbele ya shati dakika mbili bila kusema, ama analitaka ama amepotea njia. Kijana wa katuni husimama mbele ya msichana kanda nzima. Upepo unampeperusha nywele na madirisha yamefungwa. Maua yanaanguka na mti wenyewe hauonekani. Msichana naye analia. Siku moja nilihesabu matone nikapata kumi na moja, nikarudisha kanda nyuma nikahesabu tena nikapata kumi. Hilo lililozidi sijui lilikuwa la nani. Kisha wanaagana, na hapana bei iliyotajwa wala iliyokataliwa.

Nayasema haya kama mtu aliyezitazama mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili sawasawa, na kati ya hizo mara mbili nusura nimharibie dadangu mdogo maisha.

Aliyezileta ni shemeji yetu baharia, mume wa dadangu mkubwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuja na televisheni, deki na sanduku la kadibodi lenye kanda nane, akaviacha kwetu Mjambere kwa kuwa kwake stima ilikuwa haijafika, akarudi melini. Hakutueleza lolote. Migongo ya kanda ilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu, na katika nyumba ile aliyehesabiwa mjuzi wa maandishi yasiyo ya Kizungu nilikuwa mimi, niliyesoma chuo cha Qurani mpaka nikahitimu.

"Sasa hizi zaanzia wapi?" mamangu akauliza.

"Kulia," nikasema. "Herufi zisipokuwa za Kizungu huanzia kulia."

"Na kheri huanzia kulia," akaongeza nyanya, na shauri likaishia hapo.

Hazikuanzia kulia. Lakini hilo tulikuja kulijua tumeshaharibu. Hadithi tuliitazama kutoka kanda ya nane tukirudi hadi ya kwanza, na kwa kuwa ndani ya kila kanda mambo yalikwenda mbele kama kawaida, hakuna aliyeshtuka. Tulidhani tu Wajapani wana shida nyingi.

Kanda tuliyoanza nayo ilikuwa na mume, mke na mtoto wa kiume anayekimbia uani. Mume alikuwa msemaji kweli kweli. Iliyofuata, mke ana mimba, kisha akazaa, na babu yake mke akafa akazikwa. Nyanya yangu alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya Mjambere, na jambo la uzazi halimpiti.

"Huyu ni wa pili," akasema. "Yule wa kwanza yu wapi?"

"Atakuwa shule, nyanya."

"Shule gani ya kulala? Mamake ajifungua, yeye hata kuchungulia hapana?"

Ya tatu tuliyotazama ilikuwa harusi. Mamangu aliruka akawatoa nje watoto wa majirani. "Nendeni kwenu! Watu wana watoto wawili ndipo wafunga ndoa, mtajifunza nini hapa?" Nyanya yeye lililomuuma ni kwamba hao watoto wawili hawakualikwa. Kanda iliyofuata, maarusi kila mmoja amerudi kwa wazazi wake. Iliyofuata hiyo, wamevaa sare za shule wamekaa darasani, tukakubaliana kwamba wameingia ngumbaru, na nyanya akasema angalau wanatafuta elimu.

Kisha akatokea yule babu aliyezikwa, amekaa mezani, anavuta tambi mdomoni kwa vijiti. Jirani yetu mmoja alitoka mbio akaacha viatu. Mamangu alisoma Ayatul Kursi, akaisoma tena, na babu akaomba aongezewe supu.

Posa iliingia tukiwa kwenye hiyo kanda ya sare. Kijana alikuwa fundi wa redio wa Changamwe, mtu wa watu, sifa zake zote nzuri. Dadangu alikuwa amemwona mara moja, kwenye harusi ya binamu yetu, alipotengeneza kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama paka, akaenda zake bila kula pilau wala kusema na mtu. Kwa muda wa wiki nzima baada ya harusi ile dadangu aliulizia, kwa njia za kuzunguka, kama kuna redio yoyote mtaani iliyoharibika.

Babangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wa kujibu barua ya posa nilikuwa mimi. Nyanya akaingia chumbani kumuuliza mwari, kama ilivyo ada. Ada yasema msichana akinyamaza amekubali. Dadangu hakunyamaza.

"Huyo kijana husema?" akauliza.

"Ni mpole, mwanangu."

"Huyu wa kwenye katuni pia alianza kwa kusema, sasa naona ameanza kuwa mpole. Ngojeni nimalize kanda. Nataka nione watu wapole huishia wapi."

Mshenga akaambiwa tunatafakari. Nilimwambia kwa heshima kubwa, na sikumwambia tunatafakari nini.

Kanda zilizobaki zilikuwa msiba. Kila tulipobadilisha, kijana alizidi kunyamaza. Alianza kusimama madirishani. Akawa anamwona mkewe mlangoni anageuza njia. Ya mwisho ilifungwa kwenye kituo cha gari moshi: mvua inanyesha, msichana ameangusha mwavuli, kijana anauokota, anampa, anainamisha kichwa kama mtu asiyemjua, anaondoka. Yakaja maandishi na muziki.

"Hata jina hajui kumwita," akasema dadangu. "Mke aliyemzalia watoto wawili." Akanyanyuka akaanza kukunja mkeka tuliokuwa bado tumeukalia. "Umeona, kaka. Kwanza husema. Kisha hunyamaza. Mwisho hakujui. Andika barua, uwaambie hapana."

Alisema amenipa mgongo, na dadangu si mtu wa kusema na mtu akimpa mgongo. Hapo ningepaswa kutumia akili za sokoni. Lakini nilikuwa nimeziona kanda hizo hizo, na wallahi hata mimi yule kijana alikuwa amenichukiza. Nikaandika. Mshenga akaichukua barua, akaipeleka Changamwe.

Aliyetuokoa ni nyanya na hao watoto wake. Siku ya nne alikuwa bado hajatulia. "Kuna kanda imeanguka chini ya kitanda," akaniambia. "Watoto wawili hawapotei hivi hivi bila kutafutwa. Angalia sanduku."

Nikaangalia. Kanda nane, nikahesabu tena, nane. Ndipo nikaona mgongo wa ile ya kushoto kabisa una mstari mmoja umelala. Ya pili yake ina mistari miwili. Ya tatu mitatu. Ya nne ina kama dirisha lenye pazia, na ya nane kama miguu miwili iliyotanuliwa, lakini moja, mbili, tatu hata kipofu angezipapasa. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia, na jasho likanitoka masikioni.

"Nyanya," nikasema, "mtoto ni mmoja."

"Nilisema," akajibu. "Nilisema amepungua, mkasema yuko shule."

Dadangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza neno moja tu: "Barua imefika?"

Changamwe nilifika baada ya sala ya adhuhuri. Ami yake kijana, ndugu wa babake, aliyekuwa ameituma posa, alinipokea barazani bila kunisogezea kiti.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umekuja kukataa tena?"

Nikamweleza. Sikupunguza wala kuongeza, nikataja sanduku, mistari, babu na tambi. Mzee alinisikiliza kama hakimu anayemsikiliza mwizi wa kuku.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Mwanangu ana kazi, ana dini, hana deni. Mmemkataa kwa sababu ya katuni."

"Ndiyo, ami."

"Ya Kijapani."

"Ndiyo."

"Mliyoitazama kinyumenyume."

"Kosa ni langu, ami, si la mwari."

"Lahaula. Na sasa wataka nini?"

"Barua ile ihesabike haijaandikwa."

"Barua haiwi shati la mtumba, yakhe, livaliwe kisha lirudishwe."

Nikamwomba siku tatu tuitazame upya, kisha tumpe jibu la kweli. Akasema hata moja hanipi. Nikateremka hadi mbili. Nikasimama kama naondoka, mbinu ambayo Kongowea haijapata kuniangusha, naye akaniacha nifike barabarani kabisa kabla hajaniita.

"Tutakuja wenyewe," akasema. "Sisi na macho yetu. Mtu akataliwapo kwa kesi, ana haki ya kuusikia ushahidi."

Walikuja Jumamosi asubuhi, yeye, shangazi wawili, na kijana mwenyewe. Kwa ada kijana hakupaswa kuwapo, lakini ami alisema hana imani na mtu yeyote wa nyumba yetu kutia kanda kwenye deki. Kijana akatoa salamu, akakaa karibu na mashine, asiseme tena. Dadangu na mamangu wakakaa chumbani, pazia la mlango limeachwa wazi kiasi cha jicho.

Kutoka kushoto, katuni ile ni nyingine. Bado nasema ni ndefu bure. Mapatano ya dakika mbili wameyafanya kanda nzima nzima. Lakini ule mwavuli, ukiwa ndio mwanzo, si baridi tena. Shangazi mmoja alisema, "Huyu kashikwa." Kanda ya pili na ya tatu kijana akawa anageuza njia, na ami akawa anampigia kelele: "Mwambie, wewe! Mwambie!" Tulikula wali tukiwa tumeelekea televisheni.

Kanda ya tano, yule mkimya akamngoja msichana darajani, na hatimaye akafungua mdomo. Alisema kwa muda mrefu, Kijapani kitupu, na msichana akaziba uso kwa mikono miwili.

"Amesema nini?" akauliza ami.

Shangazi walitazamana. Mimi, mjuzi wa maandishi, nilitazama sakafu.

"Amesema barua ile ilimuuma," akasema fundi wa redio. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na alikuwa akiitazama deki. "Lakini akiandikiwa nyingine, ataisoma."

Pazia likatikisika. "Kaka," akasema dadangu kutoka chumbani, "hebu muulize huyo Mjapani. Akishaisoma, ndio atanyamaza tena?"

Sikupata nafasi ya kumuuliza.

"Mwambie Mjapani hanyamazi kwa kupenda," akasema kijana. "Siku ile ya kipaza sauti alikuwa na la kusema. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwambia."

Kukawa kimya chumbani. Nyanya, aliyekuwa ndani nao, akapiga kofi goti. "Mnasikia? Sasa ndiyo amenyamaza! Sasa ndiyo ada! Andikeni!"

Nikaletewa karatasi na kalamu, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaanza kwa salamu, kisha kwa maelezo ya namna kosa lilivyotokea. Ami akasoma juu ya bega langu, akanishika mkono.

"Futa hayo. Andika 'tumekubali', utie jina la mwari na lako. Habari za Wajapani usiziandike. Barua za posa huhifadhiwa, wajukuu watakuja kuzisoma."

Nikaandika tumekubali. Akaichukua, akaikunja akaitia mfuko wa kanzu, akaniambia nisogee upande, nimemzibia televisheni.