Niliyomsomea Dada Kupitia Ukuta

Jumamosi iliyopita, nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Kibaha, jirani alikuwa anakandika banda lake la kuku. Harufu ya udongo mwekundu uliolowa ikaingia dirishani, nami nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kiingereza ya kidato cha pili. Nitawasimulia jambo ambalo hata mume wangu sikuwahi kumwambia.

Kwetu ni Kurui, Kisarawe. Dada yangu Mwanaidi alipovunja ungo aliwekwa ndani likizo nzima ya mwezi wa sita, kama mila yetu ilivyotaka. Zamani mwali alikaa ndani miezi na miezi. Shule ndiyo iliyoifupisha. Dirisha la chumba chake lilizibwa kwa gunia, na Bibi, mama yake baba, alipiga marufuku taa na vitabu. Alisema mwali kazi yake ni kusikiliza.

Tabu ni kwamba siku ya kufunga shule mwalimu wao wa Kiingereza aliwapa kurasa tisa za misemo na maana zake kwa Kiswahili, wazikariri, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa Novemba. Baba alishaweka sharti. Mwanaidi akifaulu, atahamia kwa shangazi yetu anayeishi mtaa wa Kwa Mathias, akaendelee na masomo Kibaha. Akifeli, shule basi.

Ndipo mimi wa darasa la nne nikawa macho yake. Kila alasiri Bibi alipojinyoosha, nilikwenda nyuma ya nyumba na daftari, nikachuchumaa pale udongo ulipobanduka na fito za ukuta kuonekana, nikamsomea. Kiingereza nilikisoma kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na ndani nilimsikia Dada akijizuia kucheka.

Kiingereza nacho kina mambo yake. “Look” peke yake ni kutazama. Iwekee “after” nyuma yake, imekuwa kutunza. Iwekee “for”, imekuwa kutafuta. Mengine yana mikia miwili, kama “put up with”, ambayo ni kuvumilia. Halafu mbele wanatangulia akina “must” na “can”, wanaosema kama ni lazima au kama unaweza, wala hawashughuliki na kinachotokea huko nyuma. Leo nayafundisha hayo ubaoni kwa mbwembwe zote. Wakati ule niliyaona kama maneno yasiyo na msimamo.

Nilikuwa nalala mkeka mmoja na Mwanaidi. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenisindikiza chooni nikiogopa, aliyenitolea maganda ya muhogo wa kuchoma kwa sababu mimi niliungua vidole. Wiki ya pili nikamsikia Mama akimwambia jirani kwamba begi la kwendea Kibaha limeshanunuliwa. Jioni hiyo hata ugali sikuumaliza.

Kesho yake nikaanza kumsomea uongo. “Must look after” nikaipa maana ya lazima kutafuta, na “must look for” nikaifanya lazima kutunza. “Give up”, ambayo ni kukata tamaa, nikaigeuza kuwa kuendelea. Akina “must” sikuwagusa, niliwaona hawana madhara.

“Hebu soma tena,” Dada alinong’ona kutoka ndani.

Nikasoma vilevile.

“Haya. Endelea.”

Nikaendelea hivyo hadi siku alipotolewa. Ngoma ilipigwa, Mwanaidi akapakwa mafuta, akavishwa kanga mpya, watu wakamtuza fedha. Mimi nilicheza huku roho ikinisuta. Daftari akalichukua, akarudi nalo shule. Novemba akafanya mtihani, matokeo yakaja, amefaulu. Asubuhi aliyoondoka nilijificha jikoni. Nilimsikia akiniita mara tatu, sikutoka. Sauti ile naitamani hadi leo.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza kwamba mwezi uleule wa sita watu wa Vihingo walileta barua ya kumposa Mwanaidi. Bwana mwenyewe alikuwa na mke tayari. Baba aliwajibu wasubiri mtihani. Kwa hiyo Dada angefeli, asingerudi kwenye mkeka wetu. Angekwenda Vihingo, na mimi ndiye ningekuwa nimemsindikiza. Siku hiyo nililia mpaka Mama akajuta kunieleza.

Mwanaidi sasa ni muuguzi Songea, na kuonana kwetu ni Idi moja moja. Jumamosi ile jioni nikampigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nami nikamweleza yote kabla ujasiri haujaniishia.

“Nilijua siku ileile,” akasema. “Ukurasa ule nilikuwa nimeushika kabla sijawekwa ndani.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakunikosoa.

“Ungenuna, mdogo wangu. Na kesho yake usingekuja. Mle ndani nilikuwa naogopa.”

Miaka yote hiyo nilidhani kwamba mwenye hofu ya kuachwa nilikuwa mimi. Sikuwahi kuwaza kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitano, peke yake gizani, aliyekubali kusomewa uongo alasiri baada ya alasiri ili tu mdogo wake asiache kuja.