Hewa ya Maganda

Mama yangu aliwahi kupoteza kazi kwa sababu ya hewa. Msicheke, mimi mwenyewe hadi leo sijamaliza kushangaa.

Karibu na mwaka wa 2012, watafiti wawili walifika kwetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakitokea chuo kikuu cha Mbarara: profesa mwanamke wa Kizungu kutoka ng'ambo na mwalimu mmoja Mnyankore. Walituambia kwamba viwanda vya rangi, mbolea na plastiki vinatoa hewa inayoipasha dunia joto, na vyuo vya nchi kadhaa vinatafuta namna ya kuikamata na kuigeuza malighafi badala ya kuiachia angani. Hewa ileile hutoka kwenye maganda ya ndizi yakichacha, kwa hiyo wangejaribia hapo kwanza. Walihitaji mtu anayejua kuchachusha ndizi, na majirani wote wakamnyooshea mama kidole.

Huko Kivu ya Kusini, kabla hajaokoka, mama alikuwa bingwa wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mchungaji wetu alimruhusu kuchachusha tena, maadamu hakuna atakayekunywa. Wageni wakaahidi kwamba jaribio likifaulu watamwajiri kwenye kituo chao cha Kakiika, pale Mbarara. Mama aliyekuwa akizeekea kwenye mashamba ya watu, kwa jembe la kuazima! Siku zile aliimba nyimbo za kanisa hata akimenya ndizi.

Waliacha mabidoni, yaani madumu ya plastiki, nyuma ya nyumba, kila mdomo umefungiwa mfuko. Wakasema, "Tunza vizuri," wakaondoka. Basi mama akatunza. Mtu wa kasiksi anajua kwamba bidoni likivimba usipolifungulia litapasuka, na jasho lako lote limwagike. Kila asubuhi baada ya sala alizunguka akilegeza mifuko, fyuu, kisha anaifunga tena kwa upole.

Waliporudi, wakakuta mifuko imelala kama soksi. Mwalimu alishika kichwa.

"Mama, hewa yetu iko wapi? Nani nafungua hii?"

"Ni mimi," mama akajibu, uso unang'aa, akingoja kusifiwa. "Kila asubui niliitosha yote. Bido zingepasuka!" Kwetu Kongo, kutosha ni kutoa.

Profesa aliketi palepale vumbini. Machozi yalimlengalenga, naapa. Mtu mzima, msomi, analilia hewa! Mama naye alitutazama mmoja mmoja, na uso wake ukazimika.

"Tulikimbia Kongo," akasema, "tukaacha ngombe, shamba, na kaburi ya mutoto wangu. Hakuna mutu alishika kichwa juu yetu. Leo nimetosha upepo, banalia?"

Nilimtafsiria profesa neno kwa neno, maana hasira ilikuwa imenipanda. Akasema pole sana, na nadhani alimaanisha. Kisha akauliza kama kuna hata mfuko mmoja ambao mama alisahau kuufungua.

Haukuwepo. Mama hakuwa mtu wa kusahau. Jaribio lilianza upya kwa jirani yetu, mwanamke ambaye hajawahi kupika pombe maishani mwake, kwa hiyo hakuthubutu kugusa kitu. Ndiye aliyekwenda Kakiika. Asubuhi aliyoondoka, mama alichukua lile jembe la kuazima akaelekea mashamba ya watu huko Ngarama, na njia nzima hakuimba.