Leo Hujamtania

Nakumbuka siku moja nilivyoshindwa kukaa kitini, mwanangu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mwenye intaneti kafe akaniuliza kama nimekalia siafu. Nakusimulia kwa sababu umeninunia tangu jana, nilipokunyang'anya simu pale hospitali ulipokuwa unataka kutuma picha ya shangazi yako Damari akiwa kitandani, na maneno "tumwombee" chini yake. Nuna tu. Mimi mwenyewe nilinuna zaidi yako siku ile, na aliyeninunisha nimekuja kumshukuru. Sogea hapa, chukua karanga hizo umenye wakati nasema, maana najua vidole vyako havikai bure. Umevirithi kwangu, kwa hiyo lawama nyingine nijilaumu mwenyewe.

Miaka ile neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa utandawazi. Maduka ya Dodoma yalikuwa hayatulii: lililokuwa la mahindi linageuka la simu, lililokuwa la cherehani linageuka intaneti kafe. Nami nilikuwa nageuka nayo. Nilianza kwa kurekodi kanda za muziki, nikaacha. Nikapiga gitaa kwenye kwaya, mwalimu akanitoa kwa sababu kila wimbo nilikuwa naukimbiza, na kusema kweli alikuwa na haki. Mwisho nikafungua studio ya picha kule mtaa wa Kikuyu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na watu wa nchi yetu kavu walipenda sana kusimama mbele yake. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nashika nne.

Halafu nikaijua blogu. Basi nikawa kila siku lazima niandike. Si mambo makubwa. Nilikula mlenda kwa nani, wimbo gani unapigwa stendi, picha ya mbuzi aliyepanda juu ya bati. Wasomaji wangu walikuwa wachache, lakini mmoja alinitosha. Damari, mdogo wangu, alikuwa ameajiriwa kwenye ofisi moja Mwanza. Kila mchana wenzake wakienda kula, yeye alikuwa anafungua blogu yangu kwenye kompyuta ya kazini, anasoma, anaacha maneno mawili matatu chini. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi nyumba moja, yeye ziwani na mimi huku.

Mtu ambaye Damari alipenda kusoma habari zake kuliko za yeyote ni Babu. Wewe hukumkuta. Alitulea sisi wawili kule kijijini Kibakwe baada ya wazazi wetu kutangulia, alilima, alifuga, na jioni alipiga zeze. Unajua babu na mjukuu ni watani, na utani wao hauna kosa. Babu alimwita Damari "mke wangu" tangu akiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo mimi nilimwita Babu shemeji, nikamnyanyasa kama shemeji anavyostahili kunyanyaswa. Sikuwahi kuweka picha yake kwenye blogu bila kumchokoza. "Shemeji amepiga zeze leo, kuku wote wamehamia kwa jirani." "Shemeji amenunua kofia mpya, kichwa kimekataa." Na Damari alijibu kila mara: "Mwache mume wangu."

Sasa asubuhi moja Baba Mkubwa Yohana, mtoto wa kwanza wa Babu, akaingia studio. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hakuwa na kawaida ya kuja mjini bila taarifa. Nikampa shikamoo. Akaomba maji. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Akaniuliza habari za biashara. Mimi nimeshasimama, nikamwambia, "Baba Mkubwa, sema tu."

"Kaa kwanza, Elia."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Nikakaa. Hapo ndipo aliponishika bega na kuniambia kwamba Babu ametutoka alfajiri. Alikaa na mimi mpaka nikamaliza kulia, hakuniambia nyamaza hata mara moja. Nilipotulia akanieleza mpango wa kumfikishia Damari habari. Alikuwa amempigia simu mama mmoja, mkuu wa kazi wa Damari kule Mwanza. Mama yule angemwita jioni, amwambie Babu ni mgonjwa na anahitajika nyumbani, ampe ruhusa na mwenzake wa kumsindikiza njia nzima. Msiba wenyewe angeambiwa akifika, katikati ya wamama wa ukoo.

"Mpaka hapo asijue," akasema. "Hata kwenye hiyo kompyuta yako."

Nikambishia. Mwanangu, nilikuwa nimefiwa saa ile ile na bado nilipata nguvu ya kubisha. Nikasema huku ni kumdanganya mtu mzima aliyesoma. Nikamtupia na methali juu, mficha maradhi kifo humuumbua.

"Anayeficha ni mwingine," Baba Mkubwa akasema. "Mimi sifichi. Napeleka polepole."

Akaondoka kurudi Kibakwe, akaniachia kazi moja: kukuza picha ya Babu, ile itakayotangulia mbele ya jeneza. Nikaichagua ile aliyokaa kwenye kigoda, zeze mapajani, anaangalia pembeni kana kwamba kuna mtu anakuja. Nikaitoa kubwa, nikaipeleka kwa fundi wa fremu, akaniambia nisubiri.

Kusubiri. Neno hilo lilikuwa adui yangu. Nikaenda kona, nikarudi. Nikasimama kwa fundi mpaka akaniambia namzibia mwanga. Kichwani likanijia wazo, na wazo la mtu asiyetulia huwa linakuja limevaa nguo za wema. Nikajiambia: Damari atafungua blogu mchana, atakuta sijaandika, na mimi sijawahi kukosa siku. Atashtuka. Bora niweke kitu asishtuke. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba vidole vilikuwa vinaniwasha, nilikuwa na uchungu na nilitaka uonekane mahali.

Nikaingia intaneti kafe, nikaweka picha ile ile ya zeze. Chini nikaandika: "Babu yetu, mpiga zeze wa Kibakwe." Basi. Nikaisoma tena, nikaona nimecheza vizuri. Sikutaja ugonjwa wala kifo, Baba Mkubwa hana la kunishika.

Nikawa nasubiri jibu, najua litakuja lile la siku zote la mwache mume wangu. Mchana likaja.

"Leo hujamtania."

Maneno hayo tu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu kwenye chumba kilichojaa watu wanaobofya kompyuta. Hapo ndipo niliposimama na kukaa mpaka nikaulizwa habari za siafu. Nikampigia Damari, simu imezimwa. Nikapiga tena. Baadaye yule mama wa Mwanza akampigia Baba Mkubwa, anamtafuta Damari. Alikuwa ametoka na mkoba wake bila kumuaga mtu, hakurudi, na aliyepangwa kumsindikiza alikuwa bado yuko ofisini anangojea jioni.

Nilifika Kibakwe na fremu kwapani. Nyumba imejaa, wamama wanapika, swali ni moja: Damari yuko wapi? Nikamvuta Baba Mkubwa pembeni, nikamwambia nilichofanya. Nilitegemea anifokee. Ningependa anifokee.

"Basi yuko njiani na msiba peke yake," akasema.

Akachukua fimbo yake, akashuka mpaka barabarani yanaposimama magari ya Mpwapwa, akasimama. Nikamfuata. Gari likija anasogea, watu wanashuka, si yeye, anarudi mahali pake. Nilimletea kigoda, hakukitazama. Mimi ndiye niliyekikalia, nikatulia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Giza lilipoingia magari yakakatika, tukarudi juu. Alfajiri alikuwa pale pale.

Damari alishuka mchana kutoka kwenye pikapu, mkoba wa ofisini mkononi, viatu vya ofisini miguuni, vumbi mpaka kwenye kope. Alituona. Aliwaona na watu kule juu, na moshi wa masufuria, na kila mtu wa huku anajua maana yake. Akaja mpaka mbele ya Baba Mkubwa, akapiga goti.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimesikia Babu anaumwa."

Mwanangu, nilitaka ardhi inifunike. Alikuwa anajua. Baba Mkubwa naye alijua kwamba anajua. Akaniangalia mara moja tu, kisha akamwinua.

"Marahaba, mama. Umekula?"

Hakumpandisha msibani. Akampeleka nyumba ya jirani, wamama wawili wakaja wakakaa huku na huku, wakamletea uji wa uwele. Akaunywa wote. Baba Mkubwa akaanza kwa mbali, akaeleza Babu alivyoanza kukohoa, walivyompeleka Mpwapwa, madaktari walivyohangaika, na Mungu alivyoamua. Na Damari alilia pale, mikononi mwa wale wamama, kilio cha mtu aliyeambiwa dakika ile.

Tulimzika Babu jioni hiyo. Kesho yake Damari alikaa na mimi nyuma ya zizi, Baba Mkubwa yuko karibu anakaza kamba ya lango. Nikamwomba anisamehe. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe.

"Usiku kucha nilikuwa nimeng'ata kanga," akasema. "Jirani yangu kwenye basi alikuwa baba mmoja mchangamfu, ananisimulia habari za ng'ombe wake. Akanunua mayai ya kuchemsha, akanipa moja. Ningemwambiaje? Nikala. Nikamwambia asante. Kaka, kujua siyo kulikoniuma. Sikuwa na mtu wa kujua naye."

"Sasa kwa nini hapa ulisema hujui?"

"Baba Mkubwa alikuwa amesimama barabarani tangu jana. Nimwambie amechelewa?"

Baba Mkubwa alikuwa amesikia. Akaacha kamba. Akasema alipokuwa kijana, kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa, binamu yake alimfuata kutoka nyumbani. Akafika jioni, akala ugali naye, akacheka naye, akalala. Asubuhi baada ya chai ndipo akamwambia kwamba mama yake amefariki. "Nilimchukia mtu yule," akasema. "Nikasema, umekula na kucheka na mimi huku unajua? Nimekuwa mzee ndiyo nikaelewa. Alibeba mzigo wangu usiku mzima ili mimi nilale. Wewe, Elia, usiku mmoja tu ulikushinda. Ukamtupia mtoto wa kike mzigo, akaubeba yeye kutoka Mwanza."

Mpaka leo hilo neno la usiku mmoja linaniamsha.

Siku Damari anarudi kazini alipitia Dodoma. Akanishika mkono, akaniingiza intaneti kafe ile ile, akanikalisha, akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu. Picha ya Babu ilikuwa bado iko pale, na maneno ya Damari chini.

"Mtanie," akasema.

"Siwezi."

"Utaweza. Niko hapa."

Nilikaa, mwanangu. Nilikaa muda mrefu. Mwisho nikaandika: "Shemeji amehamia juu. Malaika wenye masikio yao wajihadhari." Damari alicheka mpaka watu wakageuka, kisha akalia, nami nikalia, na mwenye kafe akatuletea maji bila kutuuliza kitu. Kifo cha wengi arusi, walisema wakubwa. Nilikuwa nikidhani wanasema juu ya wingi wa watu na sufuria za pilau, lakini siku hiyo tulikuwa wawili tu na ikatosha.

Basi sikia sasa ninachokuambia. Sikukatazi picha, wala muziki, wala kuandika mambo ya nyumbani. Mimi nimekula jasho la picha, na blogu ile nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Furaha itume, iende mbio, ikikosea njia haimuumizi mtu. Lakini habari nzito haitumwi, hupelekwa. Ipeleke kwa miguu yako, au mpe mtu mwenye miguu. Mwulize mwenzako amekula, mkalishe, ukae naye, halafu useme, na ukishasema usiondoke. Na kama ni zamu yako kuibeba usiku mmoja bila kusema, ibebe. Itakuwasha. Ndiyo kazi yenyewe.

Binti wa shangazi yako anaingia kesho na basi la Mbeya. Ameambiwa mama yake ana homa tu. Wewe ndiye utakayekwenda stendi, na simu yako, ninayokurudishia sasa, utaniachia kwa hiari. Umnunulie chai kabla ya lolote, umlete kwangu nimweleze mama yake alivyozidiwa, halafu tuende hospitali pamoja.

Mungu akujalie vidole vizito na miguu myepesi. Na siku yako wewe ya kuambiwa itakapofika, akuletee mtu atakayekuuliza kwanza kama umekula.