Mpangaji wa Chumba chenye Giza

Mpangaji wa Mama Tulia alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alifungua milango kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na kila alipozungumza mikono yake ilitafuta kitu cha kufuta: miwani, kikombe, hata meza iliyokwisha kufutwa. Dirisha la chumba chake hapo Tukuyu alilifunika kwa blanketi zito, kwa sababu mezani palikuwa na kichombo cha kielektroniki kidogo kama punje ya mahindi, alichokifundisha kutambua herufi kwa kukimulika, ili kikumbuke herufi kilizoziona kama ubongo unavyokumbuka, na mwanga wa nje ungekivuruga.

Siku mvua ilipokatika, Mama Tulia aliingia kuondoa uvundo. Akavuta blanketi, jua likajaa mezani. Ndipo akakumbuka alivyokatazwa kuligusa. Mpangaji aliporudi alimkuta amesimama palepale, analia.

"Mwanangu, nimekuharibia kazi yako yote!"

Mpangaji hakukitazama kichombo. Alimshika mikono, akamkalisha kitandani, akangoja mpaka kwikwi zikatulia.

"Mwanga wa buluu unakifundisha, mama. Mwekundu unakisahaulisha. Tazama."

Akawasha taa nyekundu. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na kichombo, doa jeupe lililoachwa na jua likafifia taratibu hadi likaisha.

"Haya, chagua herufi."

"T," alisema. "Ya Tulia wangu."

Mpangaji akaikata kwenye kadibodi kwa wembe, akaipitishia mwanga wa buluu hadi kwenye kichombo, akazima taa. Giza likarudi, lakini T ikabaki kwenye kioo cha kompyuta, hafifu, inasomeka.

"Ndaga, mwanangu," alishukuru Mama Tulia kwa Kinyakyusa, akashusha pumzi ndefu.