Pikipiki ya Mtaliano

Jirani amemwaga petroli uani asubuhi hii, na harufu yake imenirudisha kwenye ploti yetu mtaani Bulla Pesa, nikiwa msichana mdogo nimechuchumaa kando ya mama.

Babu, baba yake mama, alikuwa askari. Alirudi kutoka vitani Uhabeshi na pikipiki nyekundu ya Mtaliano, na alipofariki ikabaki ikiozea chini ya turubai. Wanawe hawakuitaka. Mama ndiye aliyeifungua yote vipande vipande, akaisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, huku majirani wakimcheka. Siku alipoipiga kiki ikanguruma, alipiga kelele za furaha ambazo sikuwahi kuzisikia kwake.

Ijumaa mjomba akafika kutoka Garbatulla.

“Salaam aleikum. Nasikia pikipiki ya baba inatembea.”

“Aleikum salaam. Inatembea,” mama akajibu.

“Basi nimekuja kuichukua. Hiyo ni mali ya wanaume.”

“Ilipokuwa kutu, hao wanaume walikuwa wapi?”

Mjomba alinyoosha tu mkono apewe ufunguo. Nyanya akasema kutoka mlangoni, “Mpe ndugu yako. Usituaibishe.”

Mama akampa.

Nilimfukuza mjomba akiondoka nayo mpaka barabarani nikimrushia mawe, nikilia kwa hasira, mpaka vumbi likammeza. Mama alinikuta nimeshika jiwe la mwisho. Nilijua atanichapa. Alilitoa mkononi mwangu, akalirusha yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote, kwenye barabara ile tupu.